Mpishi aandike kitabu? Kwanza apige hesabu

Mpishi akishalisha harusi, semina na misiba ya nusu ya mji, hafiki mbali kabla mteja aliyeshiba hajamwambia aandike kitabu cha mapishi. Ni sifa nzuri. Lakini ni sifa yenye gharama, na anayeitoa siye atakayelipa bili ya kiwanda cha chapa.

Ukurasa huu, uliozoea habari za bei za nafaka, hisa na fedha za kigeni, unaligusa suala hili kwa sababu moja. Kitabu cha mapishi ni bidhaa. Kina gharama za uzalishaji, bei ya jumla, bei ya rejareja, akiba inayokaa ghalani na hatari ya kutouzika. Kina pia mali isiyoonekana, yaani hakimiliki, ambayo wengi huisaini bila kujua thamani yake. Mpishi anayeandika kitabu anakuwa mwekezaji, apende asipende.

Tuchukue mfano wa mpishi wa Dar es Salaam ambaye ameacha kazi ya hoteli na sasa ana jiko lake la kupikia shughuli. Ana wafanyakazi watano, jina zuri mjini, na akiba ya shilingi milioni 20 aliyoikusanya kwa miaka kadhaa. Fedha hizo zinaweza kununua friza kubwa na kuchangia gari la mtumba la kubebea vyakula. Zinaweza pia kutoa kitabu. Haziwezi kufanya yote mawili. Mpishi huyu ni wa kubuni, na tarakimu zitakazofuata ni za makadirio, tumeziweka ili kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Msomaji mwenye nia aziondoe na kuweka zile atakazopewa na mchapaji wake mwenyewe.

ANAUZA NINI HASA?

Kosa la kwanza la wapishi wengi ni kudhani kwamba wanauza siri. Mpishi anaogopa kuandika pilau yake kwa hofu kwamba jirani ataiiga. Mwingine anaandika kwa matumaini kwamba sheria itamzuia jirani huyo. Wote wawili wanahitaji kuitazama sheria vizuri.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyoandikwa, yaani namna mtu alivyoliweka wazo lake katika maneno, picha na mpangilio. Hailindi wazo lenyewe wala njia ya kufanya jambo. Kwa hiyo maelezo yako ya jinsi bibi yako wa Tanga alivyokuwa akikaanga vitunguu hadi vigeuke rangi ya kahawia ni mali yako, na picha uliyoilipia ni mali yako endapo mkataba wako na mpiga picha unasema hivyo. Lakini mchele, nyama, bizari nzima, mdalasini na iliki, pamoja na ule utaratibu wa kuvichanganya, si mali ya mtu.

Marekani nako msimamo ni huo huo. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya mjini Chicago iliamua kesi kati ya kampuni za Publications International na Meredith, iliyohusu mapishi ya mtindi. Mahakama ilisema kwamba orodha ya viungo na maelekezo ya kawaida ya kupika havipati ulinzi wa hakimiliki. Kampuni kubwa yenye mawakili ilishindwa kuyafungia mapishi yake. Mpishi wa Kinondoni hatafaulu kwa njia hiyo.

Maana yake kibiashara ni hii: mnunuzi halipi kwa sababu ya orodha ya viungo, kwa kuwa anaweza kuipata bure kwenye simu yake. Analipa kwa sababu anamwamini mtu aliyeandika, kwa sababu vipimo vimejaribiwa na havitamharibia kilo mbili za mchele siku ya wageni, na kwa sababu kitabu kinapendeza kupewa mtu kama zawadi. Imani, usahihi na uzuri ndizo bidhaa tatu zinazouzwa. Mpishi asiye tayari kugharimia mojawapo kati ya hizo bora anunue friza.

Kwa mpishi ambaye bado ameajiriwa kuna jambo la ziada. Kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja, asome mkataba wake wa kazi. Katika nchi nyingi, kazi iliyotengenezwa katika saa za mwajiri na kwa maagizo ya mwajiri huhesabiwa kuwa mali ya mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Barua moja ya idhini kutoka kwa meneja wa hoteli leo ni rahisi kuliko kesi ya kesho.

KUTOKA KISIO HADI KIPIMO

Mpishi mzoefu hapimi. Hutia chumvi kwa kiganja, hujua moto kwa sauti ya mafuta, na huonja. Tena hupika kwa watu 300, wakati mnunuzi wa kitabu anapikia watu sita. Kugawa kwa 50 hakutoshi. Maji ya wali hayapungui sawasawa na mchele, na viungo vya sufuria kubwa vikigawanywa kwa hesabu ya shule huleta chakula chenye ladha nyingine. Nazi nayo haina saizi moja. Anayeandika "nazi mbili" lazima aseme ni vikombe vingapi vya tui zito na vingapi vya tui jepesi, la sivyo mchuzi wa samaki utakuwa supu nyumbani kwa mtu mmoja na uji kwa mwingine.

Mababu zetu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, na kila mtu sokoni alijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Biashara ilikwenda kwa sababu kipimo kilikuwa kimoja kwa muuzaji na mnunuzi. Kitabu cha mapishi kinahitaji makubaliano ya namna hiyo hiyo: kikombe gani, kijiko gani, kimejazwa hadi juu au kimesawazishwa.

Hapo ndipo gharama zinapoanza. Tuseme kitabu kina mapishi 60, na kila pishi linajaribiwa mara tatu, mara moja kati ya hizo na mtu ambaye si mpishi. Hayo ni majaribio 180. Kila jaribio likitumia shilingi 15,000 za viungo, nishati na usafiri wa sokoni, mpishi ametumia shilingi milioni 2.7 kabla ya kuandika neno la mwisho. Hatujahesabu muda wake. Akifanya majaribio manne kwa wiki, kazi hiyo itamchukua wiki 45, karibu mwaka mzima.

Tuongeze picha milioni 3, uhariri milioni 1, na upangaji wa kurasa na jalada milioni 1.3. Jumla ya gharama za maandalizi inafika shilingi milioni 8. Fedha hizi zina tabia moja mbaya: ni zile zile, uchape nakala 100 au nakala 10,000.

HESABU YA NAKALA 1,000

Mpishi wetu anakwenda kwa mchapaji na kuomba bei ya kitabu cha rangi chenye kurasa 160. Tuseme anaambiwa hivi: nakala 500 ni shilingi 17,000 kila moja, yaani milioni 8.5. Nakala 1,000 ni shilingi 12,000 kila moja, yaani milioni 12. Tofauti inatokana na kazi ya kuandaa mabamba na kutega mitambo, ambayo hulipwa mara moja tu, kisha hugawanywa kwa idadi ya nakala.

Macho ya mfanyabiashara hukimbilia hiyo 12,000. Ndiyo rahisi zaidi kwa nakala moja. Hebu tuifuate tuone inaishia wapi.

Maandalizi milioni 8 na uchapaji milioni 12 ni milioni 20. Akiba yote imekwisha. Kila nakala imegharimu shilingi 20,000. Mpishi anapanga bei ya rejareja ya shilingi 35,000 na kufurahi kwamba anapata faida ya 15,000 kwa kila kitabu.

Duka la vitabu linamwambia habari nyingine. Duka linataka punguzo la asilimia 40 ya bei ya rejareja, kwa kuwa nalo lina kodi ya pango, mishahara na rafu ambayo ingeweza kubeba vitabu vya shule vinavyouzika haraka zaidi. Mpishi anabaki na shilingi 21,000. Faida yake si 15,000 tena, ni 1,000. Nakala zote 1,000 zikiuzwa madukani, bila hata moja kulowa, kuibiwa au kutolewa zawadi kwa shangazi, mpishi anapata faida ya shilingi milioni 1 kwa mtaji wa milioni 20 na kazi ya mwaka mzima. Zikiuzwa 600 tu, amepokea milioni 12.6 na amepata hasara ya milioni 7.4.

Tena maduka mengi hupokea vitabu vya mwandishi binafsi kwa mali kauli. Fedha hulipwa baada ya kitabu kuuzwa, na mara nyingi baada ya mwenye kitabu kuzifuatilia. Wakati huo mchapaji alishalipwa zote. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua mtego huu bila kufundishwa: faida ipo kwenye karatasi, fedha hazipo mfukoni.

Njia ya pili ni kuuza moja kwa moja: kwenye shughuli anazopikia, kwa wateja wa zamani, kwa simu na malipo ya mtandao wa simu. Hapo anapokea shilingi 35,000 kamili, na mtaji wake unarudi akishauza nakala 572. Akiuza 400 kwa mkono wake na 600 madukani, anapokea milioni 26.6, na faida ni milioni 6.6. Kitabu ni kile kile na mchapaji ni yule yule. Kilichobadilika ni nani anayesimama mlangoni kuuza.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpishi lisiwe kama anajua kuandika. Liwe hili: kwa majina kabisa, anawajua watu wangapi watakaonunua kutoka mkononi mwake? Kama daftari lake la wateja lina majina 150, kuchapa nakala 1,000 ni kucheza kamari kwa nakala 850.

MCHAPAJI SI MCHAPISHAJI

Msomaji atauliza kwa nini mpishi ajitwishe mzigo huu wakati kuna wachapishaji. Maneno haya mawili yanafanana, lakini biashara zake ni mbili. Mchapaji anauza wino na karatasi, na analipwa kitabu kiuzwe kisiuzwe. Mchapishaji anaweka mtaji wake, anabeba hasara, na anamlipa mwandishi mrabaha kwa kila nakala inayouzwa.

Kwa mchapishaji, mpishi hahatarishi milioni 20. Lakini asome kwa makini mrabaha unapigwa juu ya nini. Asilimia 10 ya bei ya rejareja ya shilingi 35,000 ni shilingi 3,500. Asilimia 10 ya fedha anazopokea mchapishaji baada ya punguzo, yaani 21,000, ni shilingi 2,100. Kwa nakala 1,000, maneno machache ya mkataba yana thamani ya shilingi milioni 1.4.

Tatizo la soko letu ni kwamba wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki wameishi kwa vitabu vya shule, ambavyo mnunuzi wake anajulikana na idadi yake inakadirika. Kitabu cha mapishi hakina mtaala wa kukisukuma. Hata hivyo, rafu si tupu. Mwaka 1978 Tanzania Publishing House, kampuni ya umma, ilitoa kitabu cha mapishi ya Tanzania cha Eva Pendaeli-Sarakikya, kwa Kiingereza. Zanzibar, Gallery Publications ilitoa kitabu cha Zarina Jafferji kuhusu vyakula vya kisiwani, nacho kwa Kiingereza na kwa picha za rangi. Nairobi, kina mama wa kanisa la Mtakatifu Andrea walishatoa kitabu cha upishi na mambo ya nyumbani kwa ajili ya walowezi tangu mwaka 1928.

Mfanyabiashara ataona jambo moja katika mifano hiyo: mnunuzi aliyelengwa. Kitabu cha Kiingereza chenye picha kinaweza kukaa katika duka la hoteli ya kitalii na kubeba bei kubwa. Kitabu cha Kiswahili kinamlenga bibi harusi mpya, kijana anayeanza maisha na mama lishe anayetaka kupanua orodha ya vyakula vyake. Hao ni wengi zaidi, lakini bei yao ni ndogo, na hawahitaji karatasi nzito inayong'aa. Mpishi anayetaka kuwapata wote kwa kitabu kimoja hutengeneza kitabu kilicho ghali mno kwa mmoja na kisichoeleweka kwa mwingine.

WANAWAKE WAWILI, MIKATABA MIWILI

Kuhusu hakimiliki, historia ya biashara hii nchini Marekani ina mifano miwili ambayo kila mpishi mwenye mswada angefaa kuijua.

Wa kwanza ni Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi ya Boston. Ndiye aliyesifika kwa kusisitiza kikombe na kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, badala ya kisio. Mwaka 1896 alipeleka mswada wake kwa kampuni ya Little, Brown. Kampuni haikuamini kwamba kitabu hicho kitauzika, ikakubali kukitoa kwa sharti kwamba yeye mwenyewe alipie uchapaji wa nakala 3,000 za kwanza. Alilipa. Lakini kwa kuwa alibeba hatari, hakimiliki ilibaki kwake. Kitabu kiliendelea kuchapwa upya kwa miongo mingi na kuuzwa kwa mamilioni. Hofu ya mchapishaji iligeuka kuwa utajiri wa mwandishi.

Wa pili ni Irma Rombauer wa St. Louis. Hakuwa mpishi wa kazi. Mumewe alifariki mwaka 1930, katika siku mbaya za mdororo wa uchumi, akamwacha na akiba ndogo. Mwaka 1931 alichukua takriban dola 3,000 kutoka katika akiba hiyo na kuchapa nakala 3,000 za kitabu alichokiita The Joy of Cooking. Kiwanda alichokitumia kilikuwa kikichapa lebo za bidhaa, hakikuwahi kuchapa kitabu. Binti yake Marion alichora jalada na kusaidia kujaribu mapishi. Alikiuza mwenyewe, na kiliuzika vya kutosha kumpa ujasiri wa kutafuta mchapishaji.

Kampuni ya Bobbs-Merrill ilikataa mwanzoni, kisha ikakubali, na toleo la biashara likatoka mwaka 1936. Mama Rombauer alijadiliana nao bila wakala. Katika mkataba aliousaini, hakimiliki ilikwenda kwa kampuni, na si ya toleo jipya tu, bali hata ya lile la mwaka 1931 alilolilipia kwa akiba ya ujane wake. Kitabu kikawa mojawapo ya vitabu vya mapishi vilivyouzika zaidi nchini humo. Familia ilipata mrabaha, lakini ilivutana na mchapishaji kwa miaka mingi. Mwaka 1962, mwaka aliofariki Mama Rombauer, kampuni ilitoa toleo jipya ambalo Marion alikuwa hajaliridhia.

Wote wawili walilipia nakala 3,000. Wote wawili walikuwa na bidhaa nzuri. Tofauti yao ilikuwa karatasi moja. Wa kwanza alijua kwamba anayebeba hatari ndiye anayestahili kushika hati ya mali. Wa pili alikwisha kuibeba hatari, ikapita salama, kisha akatoa hati.

Mpishi wa leo ajifunze kuuza haki kwa vipande: toleo la Kiswahili peke yake, toleo la Kiingereza peke yake, nchi hii peke yake, miaka hii mitano peke yake, na picha za video kando. Gharama ya wakili kusoma mkataba wa kurasa sita ni ndogo kuliko friza.

KITABU KAMA TANGAZO

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao hauonekani kwenye risiti za duka la vitabu. Wapo wanaotoa kitabu ili kuuza kitu kingine.

Mfano mkubwa ni General Mills, kampuni ya unga ya Marekani. Mwaka 1950 ilitoa kitabu cha picha cha Betty Crocker, mwanamke ambaye hajawahi kuwapo. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1921 kwa ajili ya kujibu barua za wateja. Kitabu kiliuzika sana, na kila aliyekifungua alihitaji unga.

Julia Child alipita njia nyingine. Yeye na wenzake wawili wa Ufaransa walihangaika na kitabu chao cha mapishi ya Kifaransa kwa karibu miaka kumi. Kampuni ya Houghton Mifflin ilikikataa kwa ukubwa wake, kikatoka kwa Knopf mwaka 1961. Mwaka 1963 alianza kupika kwenye televisheni ya Boston. Kitabu kilimfikisha kwenye televisheni, televisheni ikauza kitabu. Mwaka 2009, miaka mitano baada ya kifo chake, filamu kuhusu maisha yake ilikirudisha kitabu hicho kwenye orodha za vinavyouzika zaidi.

Karibu zaidi na sisi ni Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu anayeishi Marekani, aliyeanzisha biashara ya sosi za Kisomali iitwayo Basbaas. Mwaka 2020, pamoja na mwandishi Julia Turshen, alitoa kitabu kiitwacho In Bibi's Kitchen kupitia Ten Speed Press, chenye mapishi ya kina bibi kutoka nchi nane za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Neno la Kiswahili liko juu ya jalada. Chupa za sosi na kitabu hutangazana. Inafaa wafanyabiashara wetu wajiulize kwa nini jikoni za bibi zetu zilipata mwekezaji New York kabla ya kumpata Posta au Moi Avenue.

Kwa mpishi wetu wa shughuli, hesabu ya tangazo ni rahisi. Tuseme kila harusi humwachia shilingi 700,000 baada ya gharama zote. Kitabu kikimletea harusi sita kwa mwaka ambazo asingezipata, ni milioni 4.2. Lakini lazima aandike. Kila mteja mpya aulizwe amemjuaje, na jibu liingie daftarini. Tangazo lisilopimwa ni sadaka.

Aidha, tangazo linaweza kulipiwa na wengine. Msaga unga, muuza viungo, mwenye duka la sufuria na msambazaji wa gesi wote wana sababu ya kununua ukurasa. Ukurasa wa tangazo uuzwe kabla ya kuchapa, si baada yake, na mpishi asimsifie mdhamini ndani ya mapishi. Msomaji akigundua kwamba bizari imetajwa kwa jina kwa sababu imelipiwa, ile bidhaa ya kwanza tuliyoitaja, yaani imani, imekwisha.

NJIA YA MTAJI MDOGO

Turudi kwa mpishi wetu na milioni zake 20. Tuseme anaanza kwa kuuza kabla ya kuchapa. Anaweka mapishi matano mikononi mwa wateja wake bila malipo, wapike, waseme. Kisha anapokea oda za malipo ya mapema kwa bei ya shilingi 30,000 badala ya 35,000. Wakijitokeza watu 300, amekusanya milioni 9. Fedha hizo zinalipa uchapaji wa nakala 500, milioni 8.5, na chenji inabaki.

Nakala 200 zilizobaki akiziuza mwenyewe kwa bei kamili anapata milioni 7. Jumla ya mapato ni milioni 16. Gharama zote ni milioni 16.5. Amepungukiwa shilingi laki tano, ambazo harusi moja inazirudisha. Akiba yake haijafika hata nusu kutumika, na ghalani hakuna boksi hata moja linalosubiri mchwa na unyevu wa masika.

Sasa anajua soko lake. Nakala 500 nyingine zitagharimu milioni 8.5, na maandalizi hayalipwi tena. Akiziuza moja kwa moja anapokea milioni 17.5. Faida ni milioni 9.

Mchambuzi wa haraka atasema kwamba mpishi amepoteza fedha, kwa kuwa amelipa milioni 17 kwa nakala 1,000 ambazo angezichapa mara moja kwa milioni 12. Ni kweli. Ile milioni 5 ni bima, na anailipa endapo tu awamu ya kwanza imekwisha, yaani wakati anaweza kuimudu. Wanaonunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam wana nafuu ambayo mwenye kitabu hana: wakibadili mawazo wanaweza kutafuta mnunuzi kupitia dalali. Boksi la vitabu halina dalali.

Na wasipojitokeza 300? Wakijitokeza 40, arudishe fedha za watu siku hiyo hiyo, pamoja na shukrani. Kama oda zilipokewa kabla ya kazi ya picha na upangaji kurasa, atakuwa amepoteza gharama za majaribio tu, na jiko lake limebaki na vipimo vilivyoandikwa. Hivyo navyo ni mali. Mpishi msaidizi akiugua au akihama, pilau ya Jumamosi haitabadilika ladha.

Yapo ya kukamilisha: namba ya kitabu ya kimataifa hutolewa hapa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi inaweza kuandikishwa COSOTA. Nakala ya kielektroniki iachwe kwanza, kwani faili likishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp la kina mama wa harusi, soko limekwisha bila shilingi kuingia.

Kwa msomaji anayefikiria kumkopesha au kuingia ubia na mpishi mwenye mswada, maswali ni manne. Nakala ngapi zimeshalipiwa? Hakimiliki iko kwa jina la nani? Nani atauza, na kwa daftari gani la wateja? Mtu asiyejua kupika amejaribu mapishi mangapi? Mpishi mwenye majibu manne yaliyoandikwa anastahili kusikilizwa. Mwenye majibu mawili apewe miezi mitatu. Asiye na hata moja, na anaanza kwa kutuonyesha rangi ya jalada, tumwagize pilau tu.